Mukongomani ndiyo, lakini wakubwa je? Mambo yenye uchunguzi wa maoni unaonyesha

Kila mara uchaguzi unapokaribia, ao vita vinaposogea karibu na muji, redio na magazeti yanatangaza hesabu: watu 7 kwa 10 wanataka hivi, watu 3 kwa 10 wanakataa vile. Wasikilizaji wengi wa mashariki wanajiuliza: mimi hakuna mutu mwenye aliniuliza kitu, jirani yangu pia hapana, sasa hesabu hiyo imetoka wapi? Swali hilo ni la haki. Uchunguzi wa maoni, kile watu wengi wanaita sondaje, unaweza kuonyesha mambo yenye macho ya mutu mumoja hayawezi kuona. Unaweza pia kudanganya, hata bila mutu yeyote kutaka kudanganya.

Kuko jambo moja lenye linarudi tena na tena wakati watu wa Congo wanaulizwa juu ya inchi yao na maisha yao. Mutu anasema kwa sauti ya juu kwamba yeye ni Mukongomani na anataka sauti yake isikilizwe mu mambo ya inchi. Palepale anasema hana imani na wale wenye wanaongoza. Mambo hayo mawili hayapingani. Mwenye kuyachanganya anawaelewa watu vibaya, na mashariki mwa Congo kuelewa watu vibaya kunaweza kuleta hasara ya maisha.

Sondaje si sensa, na si uchaguzi

Sensa inahesabu watu wote, nyumba kwa nyumba. Congo ilifanya sensa yake ya mwisho mu mwezi wa 7 mwaka 1984. Tangu siku ile inchi imebadilika sana: mu 2015 majimbo yaligawanywa yakakuwa 26, Ituri ikakuwa jimbo, na watu wengi walihama ao walikimbia vita. Uchaguzi ni kitu kingine: mwenye anataka anaenda kupiga kura, na kura zinatoa kiongozi.

Sondaje inauliza watu wachache wenye wamechaguliwa kwa bahati, ili kujua wengi wanawaza nini. Mama mwenye anapika muchuzi hamalizi sufuria nzima ili ajue kama chumvi imetosha. Anaonja kijiko kimoja. Lakini anakoroga kwanza. Kama hakukoroga, kijiko kitaleta maji ya juu tu, na chumvi itabaki chini.

Ni vile hata kwa sondaje. Ukiuliza watu 1,200 wenye wamechaguliwa vizuri, jibu linaweza kupita ao kupunguka kama pointi 3. Ukiuliza 2,400, ni kama pointi 2. Ni kusema, mu sondaje ya watu 1,200, asilimia 48 na asilimia 51 ni karibu kitu kimoja, na hakuna mutu wa kusema kwamba huyu amemushinda yule. Ukubwa wa inchi haubadilishi sana hesabu hiyo. Chenye kinabadilisha ni kukoroga: je, kila mutu mukubwa alikuwa na nafasi sawa ya kuulizwa?

Kukoroga ndipo kazi inakuwa ngumu. Sondaje ya telefone inawapata wenye wako na telefone, rezo na moto wa kuchaji. Sondaje ya Goma na Bukavu peke yake haimusikii mulimaji wa Shabunda, wala muchimbaji wa Mambasa, wala mama wa Walikale mwenye anatembea siku nzima kufika sokoni. Na yale maswali ya WhatsApp ao ya redio, yenye kila mutu anabonyeza mara ngapi anataka, hayako sondaje hata kidogo. Ni mazungumuzo, na mazungumuzo ni kitu kizuri, lakini hayawezi kusema "watu wa Congo wanataka".

Namna wanachagua watu bila sensa

Kwa vile sensa haiko, wenye kufanya uchunguzi wanajisaidia na orodha zingine: orodha za wachaguzi, ramani za zone de santé, ambazo ni 519 mu inchi nzima, na orodha za vijiji zenye mashefu wanatoa. Wanapiga kura ya bahati kati ya vijiji na kata. Wakifika, wanaanzia pahali moja, wanahesabu nyumba, na wanaingia mu nyumba yenye hesabu imeangukia. Ndani ya nyumba wanaandika wakubwa wote wenye wanaishi pale, halafu wanachagua mumoja kwa bahati. Mara mingi wanabadilisha: nyumba hii mwanaume, nyumba yenye inafuata mwanamuke.

Hapo mabishano yanaanza mara mingi. Baba wa nyumba anasema: "Mimi ndiye mwenye nyumba, niulizeni mimi." Lakini kama kila mara baba ndiye anajibu, sondaje itasikia wababa tu. Mawazo ya binti wa miaka 19 na ya bibi muzee hayatafika. Kwa hiyo mwenye kuuliza anapaswa kukataa kwa heshima.

Kuko pia shida ya usalama. Kama kijiji kimechaguliwa lakini bunduki zinalia kule, wanakibadilisha na kingine. Inaeleweka, hakuna mutu wa kutuma kijana afe juu ya karatasi ya maswali. Lakini matokeo yake ni haya: wale wenye wanateswa zaidi na vita ndio mara mingi wanakosa kuulizwa. Sondaje ya mashariki yenye haisemi vijiji ngapi haikuweza kufikia inaacha jambo la lazima.

Kabila ao inchi?

Mutandao wa Afrobarometer, wenye unafanya uchunguzi mu inchi nyingi za Afrika tangu 1999, umezoea kuuliza hivi: kama ungelazimishwa kuchagua kati ya kuwa mutu wa inchi yako na kuwa mutu wa kabila yako, ungechagua nini? Majibu ni tano: kabila tu, kabila zaidi, sawa kwa sawa, inchi zaidi, ao inchi tu. Mu inchi nyingi, jibu lenye linatoka mara mingi ni lile la katikati: sawa kwa sawa.

Kwa mutu wa mashariki, jibu hilo haliko la ajabu. Mutu mumoja anazungumuza luga ya mama yake jikoni, Kiswahili sokoni, Kifaransa mu biro, na Lingala akikutana na askari ao akiimba muziki. Siku Leopards wanacheza, hakuna anayeuliza mulinzi wa goli ametoka jimbo gani. Tarehe 7 mwezi wa 2 mwaka 2024, mbele ya mechi ya nusu fainali ya Kombe la Afrika na Côte d'Ivoire, wachezaji wa Congo walifunika midomo kwa mukono na kuweka vidole viwili kichwani kama bunduki, juu ya mauaji ya mashariki yenye dunia inanyamazia. Hakukuwa swali la karatasi pale, lakini watu wengi wa Kivu na Ituri waliona ndani yake jibu la swali la muda murefu: je, wenzetu wa inchi wanatuona?

Jibu la "kabila ao inchi" halikai pahali pamoja. Watafiti Benn Eifert, Edward Miguel na Daniel Posner walichukua majibu ya watu zaidi ya 35,000 wa inchi 10 za Afrika, mu sondaje 22. Waliona kwamba kadiri uchaguzi wa raisi wenye mashindano makali unavyokaribia, ndivyo watu wengi zaidi wanavyojiita kwanza kwa jina la kabila. Kila mwezi wa kukaribia uchaguzi uliongeza kama pointi 1.8. Ni kusema, mutu yuleyule anaweza kujibu "mimi ni mulimaji" mwaka huu, na mwaka kesho, wakati wanasiasa wanazunguka na mikutano, akajibu kwa jina la kabila. Kwa hiyo tarehe ya sondaje ni jambo la kwanza la kuangalia.

Siasa ya inchi inaweza pia kupunguza uzito wa kabila. Edward Miguel huyohuyo alilinganisha, mu kazi yenye ilitoka 2004, wilaya mbili za majirani: Busia ya Kenya na Meatu ya Tanzania. Busia, pahali penye makabila yamechanganyika, watu walichangia pesa kidogo zaidi kwa masomo kuliko pahali penye kabila ni moja. Meatu, muchanganyiko haukuleta tofauti hiyo. Maelezo yenye alitoa ni kwamba Tanzania, tangu wakati wa Nyerere, ilijenga inchi kwa makusudi: Kiswahili mu masomo ya musingi, historia ya inchi nzima mu vitabu, na serikali za vijiji pahali pa watawala wa kabila.

Congo haikufuata njia ile. Katiba ya 2006, mu kipengele cha kwanza, inaweka Kifaransa kuwa luga ya serikali, na luga 4 za taifa: Kikongo, Lingala, Kiswahili na Tshiluba. Kiswahili kinaunganisha Bunia, Beni, Goma, Bukavu, Uvira, Kalemie mpaka Lubumbashi, lakini hakifiki Kinshasa kwa nguvu ileile. Kwa hiyo mashariki Kiswahili kinafanya kazi mbili pamoja: kinavunja ukuta kati ya kabila na kabila, na kinamukumbusha mutu kwamba mu muji mukubwa wa inchi yake anaweza kuitwa mugeni.

Kupenda inchi si kuamini wakubwa

Mu 2016, kipindi cha pili cha raisi Joseph Kabila kilikuwa kinaisha na inchi nzima ilikuwa inajiuliza nini itafuata. Shirika la uchunguzi BERCI la Kinshasa, pamoja na Kikundi cha Utafiti juu ya Congo cha chuo kikuu cha New York, waliuliza watu 7,545 mu majimbo yote 26. Asilimia 81 walikataa Katiba ibadilishwe ili raisi apate kipindi cha tatu. Asilimia 74 walisema anapaswa kuondoka wakati kipindi chake kinaisha.

Hesabu hizo zinaweza kusomwa kama hasira juu ya mutu mumoja. Lakini kuko jambo lingine ndani. Watu wenye hawajali inchi hawajali pia Katiba. Kusema "sheria ya inchi isichezewe" ni kusema kwamba inchi ni yetu sote, na mwenye kuongoza ni mugeni mu kiti.

Miaka miwili nyuma yake, jambo hilohilo lilionekana bila karatasi ya maswali. Tarehe 26 mwezi wa 12 mwaka 2018, CENI ilitangaza kwamba uchaguzi hautafanyika Beni na Butembo mpaka mwezi wa 3 wa 2019, juu ya Ebola na ukosefu wa usalama. Kule Yumbi pia, mu jimbo la Mai-Ndombe, uchaguzi uliahirishwa. Lakini raisi mupya alipaswa kuapishwa mu mwezi wa 1. Ni kusema, kura za Beni na Butembo hazingehesabiwa kwa uchaguzi wa raisi.

Siku ya uchaguzi, tarehe 30, watu wa Beni walipanga uchaguzi wao wenyewe. Walitayarisha biro za kupigia kura na karatasi zao, wakasimama mu mistari, wakapiga kura zenye walijua hazitabadilisha kitu. Mutu mwenye hajioni kuwa ndani ya inchi hasimami mu mustari ili apige kura yenye haihesabiwi. Walikuwa wanasema: sisi ni Wakongomani, na wale wenye wametuondoa mu hesabu wamekosea.

Ebola: wakati kutokuamini kunaua

Uchunguzi wenye unaonyesha vizuri zaidi hatari ya kuchanganya mambo hayo ulifanywa mu Beni na Butembo, mu nusu ya kwanza ya mwezi wa 9 mwaka 2018. Ebola ilikuwa imetangazwa tarehe 1 mwezi wa 8. Watafiti wakiongozwa na Patrick Vinck wa chuo kikuu cha Harvard waliuliza watu wakubwa 961. Matokeo yalitoka mu 2019 mu gazeti la waganga The Lancet Infectious Diseases.

Asilimia 32 tu walisema wanaamini kwamba viongozi wa pale wanatetea faida ya raia. Mutu 1 kwa 4 alisema Ebola haiko ya kweli. Na mambo hayo mawili yalitembea pamoja na tabia: wenye hawakuwa na imani na viongozi, na wenye waliamini uvumi, ndio walikuwa wagumu zaidi kukubali chanjo na kwenda kutunzwa mu hospitali.

Mutu wa mbali anaweza kusoma hesabu hizo na kusema: watu wa Beni hawaelewi ugonjwa. Lakini tangu mwezi wa 10 wa 2014, Beni ilikuwa inazika watu wenye waliuawa kwa mapanga na bunduki. Miaka ilipita bila kuona gari nyingi za misaada. Halafu Ebola ikatangazwa, na gari zikajaa barabarani mu wiki chache. Wakaaji waliuliza: mbona hamukuja hivi wakati tulikuwa tunachinjwa? Kukataa chanjo kulikuwa jibu kwa historia hiyo, hata kama jibu lenyewe liliua.

Tena hesabu ileile inasomwa kwa pande zote mbili. Kama 1 kwa 4 alikana ugonjwa, watu 3 kwa 4 hawakusema vile. Wengi wao waliosha mikono, waliacha kusalimiana kwa mukono, na walikubali mazishi yenye hayako ya desturi. Tarehe 25 mwezi wa 6 mwaka 2020 ugonjwa ulitangazwa kuwa umeisha, kiisha wagonjwa 3,470 na wafu 2,287. Uchunguzi ulionyesha kwamba shida ilikuwa zaidi ya virusi: ni nani analeta dawa, na watu wamemujua mutu huyo kwa matendo gani.

Maisha ya kila siku: "amani" maana yake nini?

Mu mwisho wa 2007, watafiti wa chuo kikuu cha California kule Berkeley pamoja na wenzao waliuliza watu 2,620 wa Ituri na Kivu mbili: unahitaji nini kwanza? Karibu nusu walitaja amani. Usalama ulifuata, halafu pesa, masomo, chakula na maji, na matunzo ya afya, kila kimoja kikitajwa na karibu mutu 1 kwa 4. Watu zaidi ya 8 kwa 10 walisema pia kwamba ni lazima wenye walifanya mauaji wahukumiwe.

Lakini "amani" ni neno kubwa. Waziri analitumia, mwenye bunduki analitumia, na mama wa mashamba analitumia, kila mumoja na maana yake. Kwa hiyo kuko watafiti wenye wamegeuza swali. Hawaulizi "je, kuko amani?" Wanauliza: "Wewe unajua kwa alama gani kwamba amani imerudi?" Kaskazini mwa Uganda, vijiji vilitoa alama moja yenye hakuna mutaalamu angeiwaza: mbwa wakibweka usiku, ni kusema watu wenye hawajulikani wanapita.

Mashariki mwa Congo kila mutu anaweza kutaja alama zake: kulala mu nyumba yako mwenyewe na si mu pori; kwenda shambani na kurudi na mihogo yote; kupita barabara bila kulipa kwa kila bariere; mutoto kumaliza mwaka wa masomo mu masomo moja. Maswali ya namna hiyo yanapata majibu ya kweli zaidi, kwa vile hayamuombi mutu ahukumu serikali. Yanamuomba aeleze siku yake.

Pesa na chakula pia vinaweza kuulizwa hivyo. Mu kambi ya Mugunga, karibu na Goma, shirika la PAM liligawa telefone kwa jamaa za wakimbizi wa ndani ili wapigiwe na kuulizwa wamekula nini na bei ya soko ikoje. Wakimbizi walijibu juu ya unga na maharagwe, na majibu yao yalisema mengi juu ya inchi. Mukongomani amezoea kusema kwamba anaishi kwa "article 15", ni kusema kila mutu ajitafutie. Sondaje nzuri inaonyesha article 15 inamugharimu nani zaidi: mwanamuke, kijana, mukimbizi, ao mulimaji.

Nani anauliza, na kwa maneno gani

Jibu linabadilika pia kufuatana na mutu mwenye ameshika karatasi. Uchunguzi wenye ulitoka 2016, wenye ulifanywa na Claire Adida na wenzake juu ya inchi 14 za Afrika, ulionyesha kwamba watu wanajibu kwa namna tofauti wakati mwenye kuuliza ni wa kabila lingine, zaidi sana kwa maswali yenye yanagusa kabila na siasa. Si uongo wa makusudi. Ni adabu, na mara zingine ni woga.

Mashariki, woga una sababu zake. Tangu mwezi wa 1 wa 2025 Goma, na tangu mwezi wa 2 Bukavu, ziko mu mikono ya AFC/M23. Mutu mwenye anaulizwa mulangoni pake juu ya Kinshasa, ao juu ya M23, ao juu ya Wazalendo, anawaza kwanza: nani amemutuma huyu, na jibu langu litafika wapi? Mu hali kama hiyo, "sijui" na "sitaki kujibu" ni majibu pia. Sondaje yenye inaficha hesabu ya wale wenye walikataa inaficha habari kubwa.

Maneno nayo ni mutego. Swali linaandikwa mara mingi mu Kifaransa ao Kingereza, halafu linatafsiriwa. "Unaamini serikali?" Kwa mukristo ao muislamu, kuamini ni kwa Mungu. "Unategemea serikali?" Hapo mutu anaweza kufikiri wanamuuliza kama anapata mushahara wa Leta. Hata neno "kabila" lina shida yake Congo, kwa vile ni pia jina la maraisi wawili. Kwa hiyo waulizaji wenye uzoefu wanajaribu maswali kwanza kwa watu wachache, wanasikiliza namna yanaeleweka Bunia na Uvira, ndipo wanaanza kazi.

Swali lenye linaonekana rahisi, "wewe ni Mukongomani?", ndilo linaweza kuwa zito kuliko yote. Sheria ya 1972 iliwapa uraia watu wenye asili ya Ruanda-Urundi wenye walikuwa wanaishi Kivu mbele ya tarehe 1 mwezi wa 1 mwaka 1950. Sheria ya 1981 ikaufuta. Sheria ya 2004 na Katiba ya 2006 zinasema Mukongomani wa asili ni mutu wa makabila yenye watu wao na ardhi yao vilifanya Congo wakati wa uhuru. Ukiachana na sheria, kwa wakaaji wengi uraia ni karatasi: karti ya muchaguzi ndiyo imekuwa kitambulisho. Mwenye ameipoteza wakati wa kukimbia anaweza kufanywa mugeni mu kijiji chake, kwenye bariere ya kwanza.

Maswali ya kuuliza mbele ya kuamini hesabu

Wakati hesabu inatangazwa, musikilizaji anaweza kuipima kwa maswali machache:

- Nani alilipa uchunguzi, na nani aliufanya?
- Watu wangapi waliulizwa, na walichaguliwa namna gani?
- Waliulizwa pahali gani, na ni pahali gani hawakuweza kufika?
- Ilikuwa tarehe gani? Mbele ao nyuma ya uchaguzi, shambulio ao kupanda kwa bei?
- Swali lilisemwa kwa maneno gani, na kwa luga gani?
- Watu wangapi walisema "sijui" ao walikataa?

Kama mutangazaji hawezi kujibu hata tatu, hesabu hiyo ibaki uvumi.

Na yule mwenye mulango wake umegongwa naye ana haki zake. Anaweza kukataa, ao kuacha katikati, bila kueleza sababu. Jina lake halipaswi kuandikwa pamoja na majibu. Anaweza kuomba wazungumuze pembeni, mbali na masikio ya shefu, ya mume ao ya jirani. Anaweza kuuliza matokeo yatarudi lini na kwa njia gani. Swali hili la mwisho halizoeleki, lakini ndilo la maana sana kwa vijiji vyenye vimejibu karatasi nyingi mu miaka 20 bila kurudishiwa hata moja. Watu wenye wanaulizwa kila mwaka wanataka nini, na hawaambiwi kamwe walijibu nini, siku moja watafunga mulango.